Mwalimu Alipofuta Tiketi Zetu

Asubuhi ile Aldo Pittaluga alipoingia bandani na kreti lake la sabuni, Gauna alitema mate mbele ya viatu vyake. Hakumtemea usoni kwa sababu Doña Irma alikuwa amekaa pale karibu, na Doña Irma, pamoja na uzee wake wote, angeweza kumnasa Gauna kibao mbele za watu.

"Benki imekuja kutuomba chakula!" Gauna akapaza sauti. "Watu wa Concordia, shikeni mifuko yenu!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi inauma mpaka kwenye ufizi, na kicheko kilikuwa kitu pekee tulichokipata bure.

Banda lenyewe lilikuwa la kampuni ya kufungasha machungwa iliyokufa mwaka uliotangulia. Tulivunja kufuli, tukafagia machungwa yaliyooza, tukapanga meza. Kila Jumamosi sisi tuliokuwa hatuna peso, yaani karibu sote, tulileta tulichoweza kutengeneza. Gauna alikuwa mchinjaji kabla machinjio hayajafungwa, alileta soseji. Mimi, Zulma, nilileta mkasi na kiti, nikawakata watu nywele. Tulilipana kwa tiketi zetu wenyewe, karatasi ndogo zenye picha ya ua la mchungwa, zilizochapwa na kijana mmoja wa mtaani. Duka la mjini lisingezipokea hata kuwashia moto, lakini mle bandani zilinunua unga.

Na Aldo? Aldo alikuwa meneja wa tawi la benki pale uwanja mkuu. Desemba serikali ilipofungia akiba za watu wote, yeye ndiye aliyesimama nyuma ya kioo na kutupungia mkono twende nyumbani. Hakufungua mdomo. Alipunga tu, kama anayefukuza kuku. Miezi michache baadaye benki ikafunga tawi na kumtupa naye nje. Hakuna aliyemwonea huruma. Mtaani walimwita Kioo.

Mwenye kuamua kama ataingia au hataingia alikuwa shemeji yake. Nélida Orcellet alifundisha falsafa katika chuo cha ualimu, na mshahara wake ulikuja kwa kuchelewa, tena kwa karatasi za ahadi ambazo serikali ya jimbo ilizichapa badala ya peso, na ambazo mwenye bucha alizipokea huku amekunja pua. Marehemu dada yake, Mirta, ndiye aliyeolewa na Aldo. Klabu ya kubadilishana ilikuwa wazo la Nélida, na tiketi zilikaa kwake, kabatini, chini ya ufunguo mmoja. Tulimpa ufunguo huo kwa kura.

Kila Jumamosi kabla ya kuanza alipanda juu ya kreti akatuhubiria.

"Walituambia fedha ni mambo ya wataalamu, tusiulize," alikuwa akisema. "Hatukuuliza. Oneni tulipofikishwa! Fedha ni sheria kama sheria nyingine, na sheria ambayo hukuitunga wala huwezi kuihoji ni kamba tu shingoni mwako. Hapa hakuna tiketi itakayochapwa wala kufutwa bila mikono yenu kuinuka. Mlinzi asiyehojiwa ni mwizi ambaye hajaanza kazi."

Tulimpigia makofi. Wengi walipiga ili amalize, unga uanze kuuzwa.

Siku ile Gauna alimkata maneno. "Basi mikono iinuke tumtoe huyu Kioo!"

Nélida alimtazama shemeji yake, kisha akatazama zile sabuni, vipande vya rangi ya majivu vilivyokatwa kombo, vinavyonuka mafuta ya ng'ombe.

"Hakuna hata mmoja wenu anayetaka kumfukuza kuliko mimi," akasema. "Lakini kanuni yetu inasema anayetengeneza kitu kwa mikono yake anaingia. Hatukuiweka kwa ajili ya tunaowapenda tu. Pittaluga, weka meza yako kule karibu na choo. Huko sabuni itatafutwa."

"Asante, shemeji," Aldo akasema.

"Shemeji yako yuko kaburini pamoja na mke wako. Mimi ni mwalimu Orcellet."

Doña Irma, mama yake Nélida, alimshika mkwewe mkono alipokuwa akipita. "Umekonda, mwanangu. Siku hizi unakula nini?"

"Anakula akiba yako, mama," Nélida akajibu.

Halikuwa neno la mzaha. Doña Irma alikuwa ameuza kipande cha shamba alichoachiwa na mumewe, akaweka fedha yote kwenye benki ya mkwe. Mwezi wa kumi na moja, minong'ono ilipoanza, alimwuliza Aldo kama aitoe. Aldo akamwambia, "Iache tu, mama. Utaiweka wapi, chini ya mto?" Wiki chache baadaye akiba zikafungiwa. Jumapili iliyofuata, mezani kwa Doña Irma, Nélida alimwuliza kama alijua. Aldo akasema alikuwa ameona wakubwa wakihamisha zao kimyakimya, na aliamriwa asiseme. "Ningemwambia mama, ningekuwa nimeuambia mji mzima." Nélida alimrushia bakuli la tambi. Aliyenisimulia ni Doña Irma mwenyewe, na kilichomuuma zaidi katika kuisimulia ni zile tambi.

Basi Aldo akakaa karibu na choo. Mimi nami nilikaa huko kwa sababu ya maji ya bomba, hivyo nilisikia mengi. Wanawake walinunua sabuni yake, maana nyingine hakukuwa, lakini walimwekea tiketi mezani ili wasimguse mkono. Gauna kila akienda kujisaidia alimwambia, "Nifungulie, meneja, au leo nako kumefungwa?" Aldo aliinamia sabuni zake. Alikuwa na namna ya kukunja karatasi kuzunguka kipande cha sabuni, pembe kwa pembe, kana kwamba yuko peke yake duniani.

Mwezi wa saba mambo yakaanza kuchacha. Unga uliokuwa tiketi tano ukawa kumi, ukawa ishirini na tano. Watu tusiowajua walianza kuja, wa Salto ng'ambo ya mto, wa mji mkuu wa jimbo, sijui wa wapi, wakiwa na mabunda ya tiketi, makoti yao yamefura. Walinunua unga, mafuta na sukari vyote kabla ya saa tatu, wakapakia kwenye gari, wakaenda kuviuza kwa peso. Sisi tukabaki tunauziana vitambaa vya kufuma. Kisha siku moja nikapewa tiketi mbili zenye namba ile ile. Nikazipeleka kwa Nélida. Alizishika kwenye mwanga muda mrefu, uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma jibu la daktari.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni, tulipokuwa tukikusanya vitu, alipita karibu nasi kwenda kunawa. Aldo hakuinua macho.

"Tiketi zako zinaumwa, mwalimu."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Lakini una macho. Nusu ya zinazozunguka humu si zako. Kuna mtu ana mashine nzuri kuliko ya yule kijana wako."

"Nitaliweka mbele ya mkutano Jumamosi ijayo."

Aldo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nikimsikia, na kicheko chake kilikuwa kibaya. "Liweke. Ukishatamka tu kwamba mnafikiria kufuta, kila mwenye bandia atakuja na gunia kabla hujashuka kwenye kreti lako. Unga utaondoka wote, na maskini wako watabaki na karatasi. Jambo hili hufanywa ghafla, na hufanywa na mtu mmoja. Kisha mtu huyo anachukiwa. Njia nyingine hakuna."

"Ndivyo mlivyosema Desemba."

"Na Desemba tulikuwa sahihi."

"Mlikuwa wezi!"

"Hayo mawili hayagombani," Aldo akasema, akakunja pembe ya mwisho ya karatasi.

Nélida aliinama karibu na uso wake. Nilidhani atampiga. "Tofauti yangu na wewe, Pittaluga, ni kwamba mimi naamini hawa watu wana akili."

"Nami naamini wana njaa," Aldo akasema.

Sasa mimi wakati huo nilikuwa na bati la biskuti lililojaa tiketi. Nilikuwa nalala kwenye godoro lililotoboka hadi mbao zinaniandika mgongoni, na mjane mmoja wa mtaa wa pili alikuwa na godoro la sufi, safi, analiuza. Alhamisi Nélida alikuja kwangu kukatwa nywele. Nikamwuliza, kwa sababu yeye ndiye angejua kuliko wote:

"Mwalimu, mjane anasema nilichukue leo hii nikitaka. Nilichukue, au nisubiri Jumamosi nimpunguzishe bei?"

Mkasi wangu ulikuwa kisogoni pake. Shingo yake ilikakamaa.

"Subiri Jumamosi," akasema. "Haraka ya nini?"

Nikasubiri.

Jumamosi tulikuta lango limefungwa. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi. Nje ya lango palikuwa na meza, nyuma yake Nélida amevaa koti la marehemu baba yake, pembeni wanafunzi wake wawili wa zamani wenye mabega mapana, na mkononi mwake muhuri. Akatangaza kwa sauti iliyonyooka: tiketi za zamani zimekufa tangu asubuhi hiyo. Kila mwanachama, mmoja mmoja, atagongewa muhuri tiketi hamsini. Zinazozidi hamsini, apeleke nyumbani akasokotee sigara. Asiye mwanachama hagongewi hata moja.

Kwanza kila mtu alihesabu zake. Kisha zikaanza kelele. Wale wageni wenye makoti yaliyofura walimtukana mama yake na baba yake, wakarudi kwenye magari yao. Hao hawakunishughulisha. Nilisogea mezani na bati langu.

"Mwalimu, hizi ni vichwa vya watu. Kila moja nimeisimamia kwa miguu yangu."

"Hamsini, Zulma."

"Ulijua! Juzi, kwenye kiti changu, ulijua!"

"Nilijua."

"Na ukaniambia nisubiri!"

"Ningekuambia wewe, ningewaambia wote," Nélida akasema. Akagonga muhuri.

Nyuma yangu alisimama Doña Irma na mfuko wake wa kitambaa. Naye alikuwa hajaambiwa, naye akagongewa hamsini. Alizitazama zile nyingine zilizobaki mfukoni, akasema polepole, "Hii familia imenimaliza kwa zamu."

Mchana huo tulikwenda nyumbani kwake na masufuria. Mji wetu ulikuwa umejifunza kazi hiyo Desemba mbele ya benki, na mikono bado ilikumbuka mdundo. Tulijaa barabara nzima, tukapiga. Nilipiga kwa mwiko wa chuma mpaka sufuria langu likabonyea, na sijuti hata leo. Gauna alikuwa mbele, akiimba kwamba Kioo kimezaa kioo. Mtu akarusha yai, wakati ambapo yai lilikuwa kitu cha kumpa mgonjwa. Kwa hilo ujue hasira ilikuwa ya kiasi gani. Lilipasukia mlangoni.

Mlango ukafunguka. Nélida akatoka, akasimama kwenye kizingiti, ute wa yai ukidondoka karibu na bega lake. Tuliendelea kupiga. Akangoja. Mikono ilipochoka akasema:

"Kesho alasiri, bandani. Mtanihukumu. Njooni wote, na mje mmekula, mtu mwenye njaa hahukumu vizuri."

"Tule nini, ng'ombe wewe?" mtu akamjibu kutoka nyuma.

Nélida akageuka. Akaingia ndani.

Jumapili banda lilijaa kuliko Jumamosi yoyote. Nélida alikaa kwenye kreti lake badala ya kusimama juu yake. Gauna ndiye aliyemhoji, na alimhoji vizuri, siwezi kumnyima hilo.

"Nani alisema hapa hakifutwi kitu bila mikono?"

"Mimi."

"Mikono ilikuwa wapi jana?"

"Haikuwepo. Nilijua mkiulizwa kwanza, wenye bandia wangewahi. Mngepiga kura juu ya karatasi tupu."

"Kwa hiyo ulituona wajinga."

"Niliwaona wengi. Siri haikai kwa wengi."

"Na nani alisema mlinzi asiyehojiwa ni mwizi?"

"Mimi. Ndiyo maana nimekaa hapa unanihoji."

Watu walinguruma. Gauna akazunguka lile kreti, akanyoosha kidole kuelekea choo, alikokaa Aldo na mikono yake mapajani. "Mbinu hii si ya mwalimu wa falsafa. Hii ni ya benki. Tuambie, Nélida. Nani alikushauri?"

Banda lote likageuka. Ungeiona ile hamu! Laiti angesema jina, tungemsahau yeye dakika ile ile na kumburuta yule mwingine hadi mtoni. Mimi nilikuwa nimesikia kila kitu, na nilingoja aseme. Midomo ya Aldo ilipauka.

"Hakuna," Nélida akasema. "Ni mimi. Nilifikiri peke yangu, nikaamua peke yangu."

Tukampigia kura ya kumvua ufunguo. Mikono iliinuka karibu yote, na wangu miongoni mwayo. Kisha mwanamke mmoja mwuza mikate akauliza, je, muhuri nao? Zile tiketi za zamani, zirudi?

Tuliona aibu. Kwa maana jana yake, baada ya fujo zile, lango lilipofunguliwa, unga ulikuwa bado mezani saa sita mchana. Kilo moja, tiketi sita. Hatukuwa tumeona jambo hilo tangu mwezi wa sita. Mikono ikahesabiwa. Muhuri ukabaki.

Nélida alicheka, akajifuta macho. "Mmemfukuza mpishi na chungu mmekibakiza!"

"Kwani kuna ubaya?" Gauna akauliza.

"Hakuna. Ni haki yenu, hata kunifukuza ni haki yenu. Ila msiniambie kwamba jana mlikuwa mnalilia kanuni."

"Mimi nilikuwa nalilia godoro," nikasema.

Baadhi wakacheka. Nélida hakucheka. "Basi wewe, Zulma, ndiye mtu mkweli humu ndani. Na wewe ndiye niliyekukosea zaidi." Hakuomba radhi. Alilisema kama anavyosema mtu kwamba mvua imenyesha.

Ikabaki nani ashike ufunguo. Gauna alipendekezwa, akakataa. Alisema anajua kukata nyama, si karatasi. Mwuza mikate akakataa. Kila aliyetajwa alitazama chini. Ndipo Doña Irma akainuka, akishikilia kiti.

"Mpeni Aldo."

Kelele zilizozuka! Njiwa walitoka kwenye paa.

"Tulieni!" mzee akafoka. "Nyie mnamwita mwizi, nami ndiye niliyeibiwa, kwa hiyo nisikilizeni mimi. Huyu alishatuibia. Uso wake tunaujua, nyumba yake tunaijua, akitoka na mfuko barabarani mji mzima utamfuata. Ninayemwogopa mimi ni yule ambaye hajaiba bado. Na mwanangu huyu hapa," akamwonyesha Nélida bila kumtazama, "alikuwa yule ambaye hajaiba."

"Mama!" Nélida akasema.

"Nyamaza. Umeshaongea mwaka mzima."

Aldo alisimama. Sauti yake ilikuwa ya chini, tukalazimika kunyamaza ili tumsikie. "Nitaushika. Kwa sharti moja. Sitapanda kwenye kreti. Sitaki mikutano, sitaki kuulizwa kila Jumamosi kwa nini na kwa nini. Nitahakikisha bandia haiingii na unga unakuwepo. Unga ukikosekana, nifukuzeni. Ukiwepo, niacheni nifanye kazi."

Nélida aliruka. "Hilo sharti ndilo la kukataa! Msikieni! Mpeni ufunguo mkitaka, mpeni hata nyumba yangu, lakini msimpe hilo! Mtu anayewaomba msimwulize anawaomba mumwazime vichwa vyenu, na hatavirudisha. Mimi nimefanya kosa, nikaja mkanivua. Huyu mtamvua vipi, mkishakubali kwamba hamna ruhusa ya kuuliza?"

"Unga ukikosekana," mtu akamjibu.

"Na ukiwepo huku anawaibia?"

Yule aliyejibu akapandisha mabega. "Nitakuwa nimekula."

Kura ilikuwa karibu sana, lakini Aldo alishinda. Mimi sikuinua mkono upande wowote. Nilikuwa nimewachukia wote wawili kwa kipimo kimoja.

Watu walipotoka, nilibaki kukunja kiti changu. Nélida alimpelekea ufunguo hadi kwenye meza ya sabuni, akautupa juu ya meza. Aldo hakuuchukua mara moja.

"Kwa nini hukunitaja?" akamwuliza.

"Ulitaka nikutaje?"

"Wangekusamehe. Wangeniua."

"Najua." Nélida alikuwa anafunga vifungo vya lile koti la baba yake. "Ningekutaja, ningekuwa nimesema neno lako lile. 'Niliamriwa.' 'Nilishauriwa.' Neno hilo sitalisema hata nikifa njaa. Usidhani nilikuonea huruma."

"Sidhani. Lakini umekubali sasa kwamba hakukuwa na njia nyingine."

"Nimekubali kwamba nilifanya ulichofanya. Kisha nikafungua mlango nikasimama mbele yao. Wewe ulipunga mkono nyuma ya kioo."

"Ningetoka wangenirarua."

"Pengine," Nélida akasema. "Pengine wangekurarua."

Akaondoka bila kumuaga, wala yeye hakumuaga.

Na Aldo alifanya kazi vizuri. Hilo ndilo lililowatafuna wengi. Bandia ilipotea, unga ulikuwepo, bei zikatulia. Hakupanda kwenye kreti. Mikutano ilikoma, na baada ya wiki chache hakuna aliyekumbuka kuikosa. Mwezi wa tisa akaanzisha ushuru wa meza: kila muuzaji aache sehemu ya tiketi zake mlangoni, kwa ajili ya gharama. Gharama zipi, hakusema. Tulinung'unika huku tumeziba midomo kwa viganja, tukalipa.

Nélida hakukanyaga tena bandani. Lakini Jumamosi ya kwanza ya ushuru ule alitokea nje ya lango, kwenye barabara ya umma, akapindua ndoo, akapanda juu yake.

"Pittaluga!" akaita. "Ushuru wa meza unakwenda wapi?"

Watu walimpita wakitazama pembeni. Mmoja akamwambia arudi nyumbani akapike. Aldo hakutoka. Jumamosi iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata, mvua au jua, swali lile lile. Ilichosha. Hata mimi nilimwambia inachosha. Akaniambia, "Ndiyo kazi yake." Wiki ya nne Gauna alisimama kando ya ile ndoo na soseji zake mabegani, akaita naye, kwa lile koo lake la machinjioni: "Wewe Kioo! Mama huyu amekuuliza kitu!" Wakaongezeka wawili watatu. Aldo hakutoka, wala hakujibu. Ila Jumamosi iliyofuata ushuru ulikuwa umeshuka nusu, bila maelezo, na ile nusu iliyobaki ilikuwa na karatasi mlangoni inayosema ni ya balbu na ya mlinzi wa lango. Nélida aliisoma karatasi ile kutoka barabarani, akauliza, mlinzi wa lango ni mpwa wa nani?

Klabu ilikufa yenyewe kabla ya Krismasi. Serikali ilianza kuwapa wasio na kazi peso kidogo kila mwezi, na mtu mwenye peso haendi kugombania unga bandani. Aldo aligawa tiketi zilizobaki zikawashiwe moto, akafunga lango, akarudi kwake. Yeye na Nélida wametenganishwa na mitaa miwili tu, na hawajasalimiana mpaka leo. Doña Irma, mpaka alipofariki, alipeleka supu kwa mkwewe kila Jumatano, na binti yake kila Jumatano alimpikia ile supu bila kuuliza ni ya nani.

Mwaka uliofuata banda likanunuliwa na mtu wa Buenos Aires, machungwa yakaanza tena. Asubuhi ya kuajiri, tulikuwa tumepanga foleni, sote wanawake, msimamizi akasoma ujira wa kreti moja. Sauti ikatoka barabarani: ujira huo umeamuliwa na nani, na kwa hesabu gani? Msimamizi akaita polisi. Aliyekuja alikuwa amefundishwa na Nélida zamani. Alivua kofia, akamwomba mwalimu asogee kidogo, upande wa pili wa barabara tu, ili ionekane amefanya kitu. Nélida akasogea. Huko upande wa pili akapindua ndoo yake, akapanda, akauliza tena, na baadhi yetu kwenye foleni tukageuka kumtazama msimamizi, tuone kama atajibu.